Mahali Palipoachwa Wazi

Kitendawili! Tega, mnasema. Haya: mama yangu alikuwepo, na mimi nilikuwepo, lakini mimi sikumbuki hata kidogo. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Mwanza? Nimekwenda Mwanza, nimekula sato mpaka miiba ikaniomba radhi. Jibu ni siku ya kuzaliwa. Na kwa kuwa wewe hukumbuki, wengine ndio wanaokuandikia. Ndiyo maana shangazi yenu, alipokuwa akimenya mihogo, alisema vile mkashangaa: *Pasipoandikwa pana mwenyewe.*

Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani, upande wa Tarime, aliishi mwanamke jina lake Wankuru. Mumewe alifariki bila kumwachia mtoto. Kwa desturi ya kwao, nyumba ya namna hiyo haikuachwa izime. Mwanamke mwenye ng'ombe wake aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa boma lake. Mwanaume aliyesababisha wazaliwe hakuulizwa jina. Nyumba hiyo huitwa nyumba ntobhu. Basi Wankuru akaswaga ng'ombe wake mpaka zizi likabaki na samadi tu, akamwoa Mugesi. Mugesi akazaa binti, Robi.

Robi hajaota meno, homa ikamchukua Mugesi. Wankuru akabaki na kitoto mgongoni na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Alipokwenda kumwandikisha, karani akauliza, "Baba nani?"

"Mimi," akasema Wankuru.

Karani alikuwa amechoka. Akaandika alivyoambiwa.

Na Robi alimwita baba, asimwone wa ajabu, mpaka alipoanza shule. Siku moja kisimani wenzake wakamzunguka. "Robi ana baba mwenye gauni! Eti Robi, baba yako hunyoa ndevu au husuka?" Robi akarudi na ndoo nusu. Tangu siku hiyo neno lile halikutoka tena kinywani mwake. Wala hakusema mama, wala bibi. Alisema tu, "Uji uko tayari," akiwa ameinamia chungu, kana kwamba anayeambiwa ni hicho chungu.

Wankuru hakugomba. Alizoea kuzungumza na mbuzi. Lakini wakati mwingine alijificha nyuma ya ghala, akaita mwenyewe kwa sauti ndogo, "Baba! Baba we!" apate kulisikia tu.

Robi akakua, akafaulu, akaitwa chuo cha uuguzi. Chuo kikakirudisha cheti chake cha kuzaliwa: baba gani huyu mwenye jina la kike? Kirekebishwe, la sivyo nafasi apewe mwingine. Wakashuka wote wawili wilayani.

Msajili alikuwa kijana mpole. Akakitazama cheti, akamtazama Wankuru. "Bibi, sheria haina mahali pa baba mwanamke. Au nikubadilishe jinsia humu, uwe mwanaume?"

"Mwanangu," akasema Wankuru, "nimezika mume na nimeoa mke, na sijawahi kuwa mwanaume hata asubuhi moja. Usinianzishe leo."

Msajili akacheka, kisha akaacha. "Basi kuna njia mbili. Nimwandike mwanaume aliyemzaa, akija mwenyewe kukubali. Au niache wazi. Binti, baba yako ni nani?"

Robi akatazama vidole vyake. Msajili akawaambia warudi wakiwa na neno moja.

Njiani walipanda kilima. Karibu na kwao Wankuru akasimama, akashika kiuno. "Robi. Hebu niambie. Mimi ni nani wako?"

Robi akaivuta kanga yake kichwani. "Mvua inakuja," akasema, akatangulia.

Habari hazina kufuli. Kesho yake akaja Muhiri, mtu wa ng'ambo ya mto, kabeba jogoo kwapani. Paji lake la uso lilikuwa lile lile la Robi. "Mama Wankuru, sikuja kwa shari," akasema. "Jina langu tu. Binti aende chuo ana baba kama wenzake. Kuna ubaya?"

Wankuru alijua ubaya wake. Kwao, mtoto ni wa boma linalotajwa juu yake. Akishatajwa wa Muhiri, ataolewa akitokea kwa Muhiri, ataliliwa kwa Muhiri, na boma la Wankuru litabaki na mbuzi wake. Lakini akamtazama Robi, jinsi alivyolishika begi lake jipya la chuo.

"Nenda naye," akasema. "Mlango wa chuo usifungwe kwa ajili yangu."

Wakaondoka. Wankuru akasonga ugali wa mtu mmoja, akaukuta mwingi. Akausukuma pembeni, akaketi kizingitini. Siku ile hata mbuzi hakusema nao.

Jua lilipoanza kulegea akamwona Robi anapanda kilima, peke yake. Hakuinuka kumlaki.

"Muhiri yuko wapi?"

"Amerudi kwake. Amenuna. Anamtaka jogoo wake."

"Kwa hiyo cheti wamekunyima?"

"Wamenipa."

Robi akachuchumaa mbele yake, akaifungua karatasi mpya. Wankuru hakujua kusoma, kwa hiyo Robi akakishika kidole chake, akakiweka juu ya maandishi. "Hapa ni mama. Mugesi." Kisha akakisogeza.

"Na hapa?" akauliza Wankuru. "Mbona ni peupe?"

"Nimewaambia waache wazi."

"Watakucheka huko chuoni, mtoto wewe."

"Wacheke. Wa kisimani walicheka, na kisima hakikukauka."

Wankuru alitaka kukiondoa kidole chake, Robi akakishikilia pale pale. "Robi, jana njiani nilikuuliza, ukanionyesha mvua. Leo mbingu ni safi. Mimi ni nani wako?"

Robi akakibonyeza kile kidole juu ya ule weupe wa karatasi.

"Pasipoandikwa pana mwenyewe, baba."