Mahindi Yaliyooshwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, msichana mmoja aliposimama kwenye mlango wa darasa la saba la Shule ya Msingi Ngelebe akiwa amefumba mkono wa kulia. Ishikeni saa hiyo vizuri, ninyi mnaonisikiliza, maana katika hadithi hii dakika tano zina uzito kuliko gunia.

Kabla sijawafungulia mkono huo, niwatajie wenyewe. Darasani humo walikuwamo wasichana watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Atupele alijaliwa macho: sindano ikianguka kwenye majani, aliitwa yeye. Sekela alijaliwa pua: akipita asubuhi nje ya nyumba ya jirani alijua kama jana walikula maharage au walilala na chai kavu, na kwa sababu alisema, majirani hawakumpenda sana. Ikupa alijaliwa miguu: kwenye mashindano ya kata alimaliza mbio ndefu akiwa peku, na mshindi wa pili alipofika alimkuta ameshakaa anachomoa mwiba.

Mwalimu wao wa darasa aliitwa Tusekile. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu, mwaka wake wa kwanza kazini, na amekulia mjini. Alikuwa mtu wa kurudi mara mbili kuangalia kama kufuli limefungwa. Mfukoni alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika nani kachelewa, kwa dakika ngapi na kwa sababu gani, na walimu wenzake walimtania kwamba siku akifa ataandika na saa.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Uji wa shule hupikwa kwa mahindi ya wazazi, debe moja kwa kila kaya kila muhula. Siku ya kuyaleta, mzazi huingia stoo peke yake, humwaga debe lake juu ya chungu ya wenzake, na kutoka. Hakuna anayechungulia, hakuna anayeandika mahindi ni ya nani wala yana hali gani. Waliianzisha wenyewe mwaka wa njaa, ili aliyeleta mahindi yenye wadudu asione haya mbele ya aliyeleta meupe. Kilichomwagwa hakina mwenyewe.

Ijumaa iliyotangulia wazazi walimwaga. Jumatatu wanafunzi wa darasa la saba walibeba magunia hadi mashineni, yakasagwa. Jumanne, saa moja na dakika arobaini na tano, sehemu ya unga ilipelekwa shule shikizi ya Ng'ambo, upande wa pili wa korongo, kilomita tano, ambako watoto arobaini na mmoja wa chekechea na darasa la kwanza husomea kwa sababu miguu yao haijaweza kuvuka korongo kila siku. Wale hunywa uji saa tatu na nusu. Shule kubwa, yenye watoto mia mbili na kumi na wawili, hunywa saa nne.

Turudi mlangoni. Atupele alifungua mkono. Ndani mlikuwa na punje saba za mahindi meupe alizoziokota stoo, na kwenye ncha ya kila punje, pale inaposhika gunzi, palikuwa na rangi ya waridi, nyembamba kama uzi. Mwalimu Tusekile alizitazama. Alikuwa katikati ya hesabu za sehemu. Akamwambia hiyo ni rangi ya aina ya mahindi tu, aende akakae. Atupele hakukaa. Aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akapewa, akaondoka na punje zake.

Nyuma ya jiko alimkuta Sekela, aliyekuwa na zamu ya kuni. Akamwuliza zinanuka nini. Sekela alizichukua zile punje, akazitemea mate, akazisugua viganjani, akazinusa. Kisha akaingia jikoni, ambako Mama Kissa, mpishi, alikuwa ameshika ungo wenye unga juu ya maji yanayochemka, na kumwambia asitie. Mama Kissa alimuuliza tangu lini amekuwa bwana afya. Sekela akamsogezea viganja puani. Mama Kissa alikuwa amepanda mbegu za dukani miaka ishirini. Aliweka ungo chini. Zile zilikuwa mbegu zilizopakwa dawa, na mtu alikuwa ameziosha rangi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Hapo ndipo mtu alipokumbuka Ng'ambo. Kule simu haishiki. Mwalimu Mkuu, Mzee Mwasomola, akasema Ikupa aitwe akimbie, wakaenda kumtafuta, na dawati lake lilikuwa tupu. Ikupa alikuwa ameshafika karibu na Ng'ambo. Aliingia kule saa tatu na dakika ishirini na tano, watoto wakiwa wamepanga mstari na vikombe. Pumzi ya kusema hakuwa nayo. Aliipiga teke sufuria ikapinduka yote, na uji ukamwunguza mguu wa kushoto kuanzia vidole hadi kifundo.

Hakuna mtoto aliyekunywa, si huku wala kule. Bwana shamba alikuja na kuthibitisha: maji huondoa rangi, dawa hubaki. Unga wote ukafukiwa.

Jumatano yake Afisa Elimu Kata alifika, akasikiliza, akasema bweni la wasichana la sekondari ya kata lina kitanda kimoja cha mwakani alichokitenga kwa mtoto wa Ngelebe aliyefanya jambo la maana. Nawaeleza uzito wa kitanda hicho. Sekondari iko kilomita kumi na tatu, njia yote msitu. Mwaka uliopita wasichana watano wa Ngelebe walianza kidato cha kwanza kwa miguu, na kufikia Agosti walibaki wawili. Jina moja liandikwe, akasema afisa, liwe limefika kwake Ijumaa. Kamati ya shule ilijadili saa mbili bila kuelewana, kisha ikamtupia Mwalimu Tusekile.

"Wewe ndiye mwenye daftari la dakika," alisema Mwalimu Mkuu. "Basi likusaidie."

Wakati huo kijiji kilikuwa kimeshaanza kuoza kwa ndani. Kila mtu alijua kwamba mmoja wao alimwaga debe lile. Kwenye bomba la maji wanawake walitazamana ndoo. Mmoja alimwuliza mwenzake, kama mzaha, zile mbegu zake ambazo hakuwahi kupanda ziko wapi, na mwenzake akamjibu aje azihesabu, alete na mumewe awe shahidi. Tangu siku hiyo hawakuazimana hata kiberiti.

Alhamisi mchana Mwalimu Tusekile alikaa ofisini na kulisoma daftari lake tena na tena. Alikwenda hadi darajani, kwenye njia ya Ng'ambo, kumwuliza fundi baiskeli anayekaa pale. Fundi akamwambia Ikupa alipita pale redio ikiwa imetoka tu kumaliza habari za saa tatu. Saa tatu na dakika tano, basi, nusu ya njia. Mwalimu aliiandika, akapiga mstari chini yake. Akawaita wale wasichana mmoja mmoja, akafunga mlango.

Alianza na Atupele. Zamu ya kufagia stoo ilikuwa ya wengine. Yeye Jumanne asubuhi alikuwa akifanya nini humo? Atupele akasema alikuwa akiokota.

"Ukiokota nini?"

"Ya kutafuna, Mwalimu. Nyumbani tunakula jioni tu."

Alikuwa akifanya hivyo tangu Januari, akiingilia dirisha lililovunjika. Alisema bila kulia. Kisha akamtazama mwalimu wake usoni, na Mwalimu Tusekile alikumbuka punje saba na maneno yake mwenyewe kuhusu rangi ya mahindi. Mpaka siku hiyo Atupele hakuwa amemwambia yeyote kwamba mwalimu alizitazama zile punje akamwambia akakae. Ni adabu hiyo, au ni akiba? Nikiandika jina lake, aliwaza, nitakuwa nimempa zawadi au nimenunua mdomo wake?

Akamwita Sekela. Mwalimu alimwuliza jambo moja: Jumatatu ulibeba gunia kichwani hadi mashineni, pua hiyo ilikuwa wapi? Sekela hakubisha. Alisema alisikia harufu njiani, kidogo, mara inakuja mara inapotea.

"Kwa nini hukusema?"

"Bibi alishanionya. Kilichomwagwa hakina mwenyewe. Nikisema gunia linanuka, nimenusa debe la mtu."

"Na Jumanne ulisema kwa nini?"

"Jumanne niliulizwa."

Mwalimu Tusekile aliliandika jibu hilo neno kwa neno. Lilimkasirisha kwa sababu lilikuwa kweli. Mtoto aliyeonywa kwa kusema anachonusa alikuwa amejifunza kungoja kuulizwa, na kungoja kwake kulichukua siku nzima, siku ambayo unga ulisagwa, ukagawanywa, na kuvushwa korongo.

Mwisho aliingia Ikupa, akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Mwalimu alimpa kiti. Alimgeuzia daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mama Kissa alijua saa tatu na dakika kumi. Wewe saa tatu na dakika tano ulikuwa darajani. Nani alikuambia?"

"Nilimwona Atupele pale mlangoni alipofungua mkono."

"Na mimi nilimwona. Sikukimbia."

"Wewe hukuyaosha, Mwalimu."

Basi ikatoka yote, kwa sauti ndogo. Baba yake aliondoka Novemba kwenda kutafuta kibarua, shamba halikulimwa, mfuko wa mbegu ukabaki. Ijumaa ya kumwaga ilipokaribia, mama yake hakuwa na punje nyingine ndani. Walizisugua kwa majivu, maji saba. Mama alichemsha konzi moja akala peke yake, watoto akiwakataza kugusa, akangoja siku mbili. Hakuumwa. Wakasema zimetakata. Ikupa aliamini hivyo mpaka alipoona ile rangi ya waridi kwenye kiganja cha Atupele.

Mwalimu Tusekile alitaka kuamini. Lakini alikuwa mtu wa kurudi kwenye kufuli. Akauliza kwa nini hakumwambia mwalimu aliyekuwa amesimama mbele yake, akaomba tu ruhusa ya kwenda chooni.

"Ningesema ni mbegu, ungeniuliza nimejuaje."

"Ng'ambo una nani?"

"Mdogo wangu. Yuko chekechea."

"Na hawa wa hapa, mia mbili na kumi na wawili?"

Ikupa aliuangalia mguu wake.

"Hawa wa hapa walikuwa na Atupele."

Mwalimu hakuandika tena. Alihesabu badala yake, kwa sababu kuhesabu humtuliza. Kama Atupele asingeiba, punje zisingeonekana, na Ikupa angebaki amekaa kwenye dawati lake. Kama Sekela asingenusa, neno la Atupele lingebaki pale alipoliacha mwalimu mwenyewe, na shule kubwa ingekunywa. Kama Ikupa angengoja kutumwa, angeondoka saa tatu na dakika kumi na kitu, angefika Ng'ambo saa tatu na dakika hamsini, na vikombe vingekuwa vimeshakauka. Mwizi aliona, mnyamavu alisema, na aliyeosha akamwaga.

Akageukia upande mwingine, na huko nako hapakuwa na pa kushika. Akimwandika Ikupa, zawadi inaingia kwenye nyumba ambamo debe lile lilitoka, na mtu mwingine mwenye saa anaweza siku moja kwenda kumwuliza fundi baiskeli. Akimwacha, kijiji kitashangaa kwa nini aliyeungua mguu ameachwa, na kwa kushangaa huko watafika wenyewe kwenye mlango wa mama yake. Akimwandika Atupele, hatajua kamwe kama aliandika kwa haki au kwa woga. Akimwandika Sekela, pekee kati ya watatu ambaye hakuiba wala hakuosha, atakuwa amemtuza mtoto aliyejua siku moja kabla ya wote akafunga mdomo. Na kila mmoja wa hao, asipopata kitanda, ana kilomita kumi na tatu za msitu.

Alimwambia Ikupa aende nyumbani, asimwambie mtu. Kisha akayakata makaratasi ya daftari lake, ya Jumanne hadi Alhamisi, akayatia kwenye moto wa Mama Kissa. Mama Kissa alimtazama, akasogeza sufuria ili moto upate nafasi.

Ijumaa asubuhi, saa moja na dakika ishirini, kabla ya paredi, Mwalimu Tusekile aliingia ofisi ya Mwalimu Mkuu, akasema shikamoo, akaweka fomu mezani. Jina lilikuwa moja, kwa wino. Mzee Mwasomola alilisoma, akavua miwani, akamwuliza kama ana hakika.

"Sina," alisema. "Mliomba jina, hamkuomba hakika."

Akatoka akapiga kengele.

Jina hilo mimi ninalijua, na silitaji, kwa sababu nikilitaja mtaacha kufikiri mtaanza kunibishia mimi. Wasichana ni watatu, kitanda ni kimoja, na kila mmoja ana alilolifanya na alilolificha. Haya, fomu iko mbele yako na wino haujakauka: wewe ungeandika jina la nani, na wale wawili uliowaacha ungewaambia nini?