Mkia wa Ngiri na Boma la Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi yangu inakuja, ina miba, pakateni watoto wenu.

Tumewapakata!

Hapo zamani za kale, zamani kweli, wanyama wa bonde moja walikuwa na boma la watoto. Mama zao wakienda mtoni, na mto ulikuwa mbali, watoto walibaki ndani ya ua wa miba, na Fisi alibaki nje akimeza mate.

Kila kiangazi ua ulijengwa upya. Aliyeleta miba aliruhusiwa kula viazi vitamu vya shamba la wote msimu mzima. Lakini kwanza Ngiri, ndiye mkaguzi, alirudi nyuma hatua thelathini, akaukimbilia ua na kuupiga bega mara tatu, wote wakitazama. Ukisimama, umepokelewa. Ukianguka, mwenye miba anaanza upya. Na sheria ilikuwa moja: mkaguzi haleti miba.

Mwaka huo miba ililetwa na Nungunungu, na Nungunungu alikuwa nani? Shemeji yake Ngiri!

Ngiri akakimbia, pu! Ua ukasimama. Akakimbia tena, pu! Ukasimama. Mara ya tatu, pu! Ukasimama. "Umepokelewa!"

Vigelegele vikapigwa. Digidigi peke yake hakupiga. Alikuwa amezaa siku nne tu zilizopita, mtoto mwenyewe miguu kama njiti, na kwa ufupi wake Digidigi haoni nyuso za wenzake, anaona mikia. Miaka yote, Ngiri akikimbia kweli, mkia wake husimama wima kama mwanzi. Leo ulining'inia. Mara zote tatu ulining'inia!

Akamwendea mbio. "Bwana Ngiri, sukuma tena, tafadhali, mara moja tu."

"Mama mtoto, nimesukuma mara tatu. Hukusikia pu?"

"Pu nimeisikia. Mkia sikuuona."

Wanyama wakaangua kicheko. "Leo anakagua mikia!" akasema Kima. "Kesho atatukagua masikio!"

Digidigi akaenda kwa Bibi Tembo, mkuu wa bonde, akasema bila kupumua, "Bibi, miba ile ni ya Ngiri, nimewaona wanawe shambani wanakula viazi, hata jua halijazama tangu ua upokelewe, wanakula!"

"Aliyeileta ni nani?"

"Nungunungu."

"Basi si Ngiri. Sheria imesema mkaguzi, haikusema shemeji. Nenda kanyonyeshe, mwanangu. Uzazi mchanga una hofu nyingi."

Na hofu alikuwa nayo kweli. Lakini asubuhi ilifika, mama wote wakajipanga kwenda mtoni, na Digidigi akasimama mbele ya Ngiri, kimo chake hakifiki hata kwenye pembe zake za mdomoni.

"Bwana Ngiri, nimekubali, ua ni mzima. Nina ombi moja tu. Mwanangu anaogopa kulala peke yake. Walete wanao wanne walale naye pale kwenye ua mpya, migongo yao iguse miba."

Ngiri hakwenda kuwaita wanawe. Wote wakamtazama. Huko kichakani Fisi akacheka, hihihi.

"Mwaka jana wanangu walilala njaa," Ngiri akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Nikafikiri, msimu mmoja tu, ua utavumilia."

Akarudi nyuma hatua thelathini. Akakimbia. Mkia ukasimama wima!

PUUU! Upande mzima wa ua ukalala chini. Matawi yalikuwa yameliwa na mchwa, ndani unga mtupu. Fisi akachomoka kichakani, lakini Ngiri hakusimama, alipita palepale kwenye pengo akakutana naye kwa pembe zake, na Fisi akageuza njia akilia.

Siku tatu Ngiri alisimama kwenye lile pengo, yeye ndiye ua, mpaka miba mibichi ya mgunga ikakatwa.

Bibi Tembo akamwambia Digidigi, "Nisamehe, mwanangu. Niliisoma sheria, sikumtazama mtoto." Akamgeukia Ngiri. "Kuanzia leo mkaguzi haleti miba, wala mkewe, wala shemeji yake. Chagua: ukague au ulete miba."

"Nakagua, Bibi."

"Na mimi je?" akauliza Nungunungu.

"Wewe kalime viazi vyako, shemeji!" akajibu Ngiri.

Tangu siku hiyo Ngiri hakimbii tena mkia chini. Hata akiwa peke yake porini, hakuna ua wala shahidi, mkia wima. Mtazameni.

Funzo, jamani: aliyepewa kukagua kitu cha wote asikilete yeye, wala watu wa nyumbani kwake. Si lazima awe mbaya. Bega lake tu halitakuwa na nguvu mbele ya kile kinacholisha wanawe. Na wewe mdogo, ukiona mkia unaning'inia, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Miba yangu imeisha. Wateremsheni watoto, watembee.