Mlio Nyuma ya Gari la Mwalongo

Isome hadi chini kabla hujamtumia mwenzako mwenye gari. Asiye na gari mtumie vilevile, itamhusu.

Njombe mjini alikuwapo fundi mmoja wa magari, jina lake Betweli. Hakuwa na kibao wala tangazo barabarani. Kwa miaka kumi na moja alikula kwa jina lake tu: mteja mmoja akimsifu kwa wenzake, gari jingine linakuja.

Siku moja Bwana Mwalongo, mfanyabiashara wa viazi, alimletea gari libadilishwe shokapu za nyuma. Mwalongo alikuwa hamwamini fundi yeyote. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu asubuhi, macho kodo, asije akabadilishiwa hata nati. Alikaribishwa chai akakataa, maana kunywa chai ni kugeuza shingo.

Kazi ilipokwisha akanyoosha mkono.

"Fundi, nipe shokapu zangu za zamani. Nataka ushahidi kwamba kweli umeweka mpya."

Betweli akampa zote mbili. Wateja wengi hudai hivyo, alishazoea.

Siku ya tatu Mwalongo alirudi amefura kwa hasira. Akawaita na madereva wanne wa soko la jirani, wateja wa Betweli, waje wasikie.

"Gari hili lilikuwa kimya huku nyuma! Sasa kwa kila shimo linagonga, ngo! ngo! Huyu ameniharibia. Leo hii soko zima litajua."

Betweli alijua kwamba madereva wale wakimwacha, gereji itafungwa. Lakini kila nati aliikaza kwa mkono wake, na mkono wake aliuamini.

"Msiondoke," akawaambia. "Kama kosa ni langu, mkatangaze. Nitawasaidia kutangaza."

Akaingia chini ya gari, akakagua nati moja moja. Zote imara. Akatoka, akajifuta mikono, akashika usukani.

"Mzee, leo naendesha mimi. Wewe kaa kiti cha nyuma, utege sikio."

Mwalongo hakuwahi kukaa nyuma katika gari lake mwenyewe. Shimo la kwanza: ngo! La pili: ngo! La tatu akageuza kichwa, uso umeanza kumbadilika. Sauti haikutoka chini kwenye magurudumu. Ilitoka mgongoni pake.

Waliporudi gereji, Betweli akafungua buti.

"Naomba uinue zulia, mzee."

"Hapo hakuna kitu," Mwalongo akasema haraka. "Ni vitu vyangu tu."

"Basi tuvione."

Zulia likainuliwa. Ndani ya shimo la tairi la akiba zilikuwamo shokapu mbili kuukuu, zimelala juu ya plagi, mikanda na pedi za breki za miaka mitano. Ulikuwa ushahidi dhidi ya kila fundi wa mji ule! Vile vidogo havikuwahi kupiga kelele. Shokapu, kwa uzito wake, ndizo zilizokuwa zikigonga bati.

Madereva wakaangua kicheko. Mwalongo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Betweli hakucheka. Alileta gunia.

"Tupakie humu. Uende navyo nyumbani au tuvitupe kwenye chuma chakavu?"

"Chuma chakavu," Mwalongo akajibu kwa sauti ya chini. Kisha akawageukia madereva, na hapo sauti ikampanda. "Niliwaita mje kushuhudia. Haya, mlichoshuhudia ndicho mkatangaze, na jina langu msiliache."

Wakatangaza kweli. Wiki iliyofuata gereji haikuwa na pa kuegesha.

Na Mwalongo? Siku hizi akileta gari humkabidhi Betweli ufunguo, kisha huvuka barabara akanywe chai yake taratibu.

Funzo: Asiyemwamini mtu yeyote hubeba mzigo wa shaka zake mwenyewe, na mzigo huo ukianza kugonga hudhani kelele ni za wenzake. Kabla hujamlaumu fundi, fungua kwanza buti lako.