Pimbi na Mizinga Isiyo na Mwenyewe

"Ngano, ngano!"

"Ngano njoo!"

"Ije na nini?"

"Ije na asali!"

"Asali imekwisha. Imebaki nta."

"Basi ije na nta, tutatafuna!"

Haya, tafuneni. Lakini mniitikie kwa nguvu, maana mimi leo sina. Nimepalilia tangu alfajiri, na mgongo huu si wangu tena, ni wa jembe. Mwenye kusinzia na asinzie, ila asikorome.

Zamani hizo, katika pori la miyombo, wanyama walifuga nyuki. Kila mmoja alitundika mzinga wake mtini na kuchonga alama yake juu yake. Wakala asali, wakanenepa. Kisha ukaja ugonjwa. Majana, wale watoto wa nyuki walio kama funza weupe, yakaanza kuozea ndani ya masega. Yakanuka kama samaki aliyelala. Mizinga ikanyamaza mmoja mmoja, na karibu pori zima likakosa hata tone la kulamba.

Wanyama wakakaa baraza penye udongo wa chumvi, chini ya mwenyekiti wao Kongoni, yule mwenye uso mrefu kama wa mtu aliyepewa habari mbaya tangu kuzaliwa. Wakatunga sheria. Mwenye mzinga aufungue kila mwezi ukiandama, atazame majana. Akiona ugonjwa, apeleke habari barazani kabla jua halijazama. Mzinga mgonjwa usihamishwe, wala asali yake, wala sega lake, wala hata kifuniko chake. Mwenyewe achimbe shimo, mwenyewe achome, mwenyewe afukie. Na mmoja ukioza, ya mtu huyo yote ichomwe, maana mikono iliyoigusa ni ile ile. Na atakayeficha ugonjwa akae msimu mzima bila mzinga.

Wakapiga makofi, pa-pa-pa! Sheria nzuri! Sheria safi! Wakarudi makwao, wakalala. Makofi hayachoshi, jamani.

Aliyeifuata sheria ile alikuwa mmoja tu, Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kafupi, mkia hana, anaishi majabalini na wanawe. Alikuwa na mzinga mmoja tu, alioachiwa na marehemu mama yake, umetundikwa kwenye mninga kando ya jabali. Kiangazi kikiingia, majani yakikauka, wanawe waliishi kwa asali ya mzinga ule. Usingekuwapo, wasingefika masika.

Basi kila mwezi ukiandama, Pimbi alipanda mti na bua la moshi mdomoni. Fuu, fuu, akawatuliza nyuki. Akafungua kifuniko. Akachukua kijiti. Chovya, zungusha, vuta. Kijiti kikitoka kikavu, majana ni mazima. Kikivuta uzi kama mlenda, basi ndiyo yale. Chovya, zungusha, vuta. Kikavu. Akashuka mgongo ukimuuma, akasema, "Haya. Mpaka mwezi ujao."

Jirani yake alikuwa Nyegere. Nguvu za huyo na azisimulie mtu mwingine, mimi nimechoka. Ngozi nene, makucha marefu, nyuki wakimchoma anacheka. Mizinga yake ilijaa kila mti, na kila mzinga una alama yake, mikwaruzo miwili ya kucha. Kufungua na kutazama hajawahi hata siku moja. Yeye alikuwa akiingiza mkono gizani, akichota, akilamba, basi.

Siku moja upepo ukaleta harufu. Samaki aliyelala. Pimbi akainua pua. Akatazama juu, akaona nyuki wake wanaruka kwenda kwenye mizinga ya Nyegere na kurudi wameelemewa. Walikuwa wanaiba asali ya mzinga uliokufa, na ugonjwa wanauleta kwenye mzinga wa mama yake.

"Ole wangu," akasema. Akaenda.

"Hodi, kaka Nyegere."

"Karibu, dada. Umekuja kuomba asali?"

"Nimekuja kukuambia mizinga yako inanuka."

"Mizinga ipi?"

"Ile yenye alama yako."

Nyegere akajikuna tumbo. "Dada Pimbi, sikiliza. Asali ni yangu, ugonjwa si wangu."

"Sheria inasema..."

"Sheria haina meno. Mimi ninayo. Kwaheri."

Pimbi akageuka, akaanza safari ya barazani. Jua kali, miguu mifupi, njia ndefu. Akamkuta Kongoni anacheua.

"Mwenyekiti, mizinga inaoza kule kwetu."

"Ya nani?"

"Ya Nyegere."

"Amekubali?"

"Amekataa."

Kongoni akashusha pumzi. "Mwenyewe ndiye achome, mama. Ndivyo tulivyosema."

"Basi nichome mimi."

"Uchome mali ya mtu? Utashtakiwa wewe! Rudi nyumbani, tutakuja kutazama."

Akarudi. Kufika, mahali pa kwanza ni kwenye mninga. Chovya, zungusha, vuta. Kikavu. Lakini nyuki bado walikuwa wanaenda na kurudi, vuuu, vuuu. Giza lilipowarudisha wote ndani, Pimbi akafinyanga udongo, akaziba mlango wa mzinga, akaacha vitundu vya kupumulia tu. Asubuhi nyuki wakalia ndani kwa hasira. Joto likapanda. Pimbi akashuka kisimani, akajaza maji mashavuni, akapanda, akaumwagia mzinga. Akashuka tena. Akapanda tena. Wanawe wakamwita wapate kula, akawaambia wajitafutie majani.

Alijua nyuki hawatastahimili. Wakizidi kufungiwa, watakufa kwa joto. Akiwafungulia, wataleta uozo.

Baraza likaja, wanyama wamejipanga nyuma ya Kongoni kama wanaokwenda harusini. Pimbi akawaongoza mpaka kwenye mizinga ile. Lo! Alama hazipo! Nyegere alikuwa ametangulia, kwaru, kwaru, kwaru, amezikwangua zote.

"Nani mwenye mizinga hii?" akauliza Kongoni.

Kimya.

"Nyegere?"

"Mimi? Mimi mpita njia tu. Nimekuja kuwaona wageni."

"Mwenyekiti," akasema Pimbi, "chukua kijiti, utazame ndani."

"Nitazame ya nani? Nikikuta uozo, nitamwambia nani achome?" Kongoni akatikisa ule uso wake mrefu. "Mzinga usio na mwenyewe, aliyeuona anaweza kuuomba barazani. Akipewa ni wake, na mzigo wake ni wake. Hapo ndipo pa kutazama. Haya, kesho ni baraza."

Wakaondoka. Nyegere akamkonyeza Pimbi. "Asali ni yangu, ugonjwa si wangu," akamnong'oneza. Maana watu wakishasahau, alama huchongwa upya.

Pimbi akakaa chini palepale. Watu husema mjanja huwaza usiku kucha. Si kweli. Pimbi alichoka mpaka akili ikaacha kuzunguka, ikasimama mahali pamoja, na hapo ndipo alipoona. Nyegere anaweza kuukana ugonjwa, na anaweza kuikana sheria. Lakini je, anaweza kuvumilia kumwona mtu mwingine anaimiliki mizinga hiyo?

Akajikokota mpaka nyumbani, akatia kidole kwenye akiba yake ya asali, akajipaka mdomo mzima. Kisha akapita mbele ya shimo la Nyegere akilamba midomo, nyam, nyam, akiimba kwa sauti:

"Nimeokota, sikuiba,
mizinga tele, mwenyewe hana,
kesho barazani nitapewa!"

Kichwa cha Nyegere kikachomoza. "Unaimba nini wewe?"

"Shikamoo kaka. Ile mizinga uliyoikana, kesho naiomba."

"Si ulisema ina ugonjwa?"

"Kwani wewe uliutazama?"

Nyegere akatazama makucha yake. Hakutazama. Hajawahi kutazama.

"Basi," akasema Pimbi, na akaenda zake. Nyam, nyam.

Nyegere akabaki analikodolea macho lile jabali. Kumbe! Kumbe kale kafupi kalimtisha kwa ugonjwa ili aitupe mizinga, kakaiokote! Thubutu!

Kesho yake barazani Pimbi akasimama mbele ya wote. Kama Nyegere atanyamaza, mizinga yote ile mibovu itakuwa ya Pimbi, na mzinga wa mama yake utachomwa pamoja nayo. Sheria ndiyo hiyo, na aliipigia makofi.

"Naomba ile mizinga isiyo na mwenyewe," akasema, "pamoja na asali yote iliyomo."

Kongoni akapaza sauti. "Yupo anayesema ni yake?"

Kimya. Nyegere anatafuna ulimi.

"Naita tena. Yupo?"

Kimya. Kule kwenye mninga nyuki wake wanaungua kwa joto, na yeye yuko hapa anacheza kamari na mzinga wa marehemu.

"Naita mara ya mwisho. Yupo anayesema..."

"Yangu!" Nyegere akaruka katikati, puu! "Yangu yote! Nimeichonga kwa makucha haya! Ule wa kwenye mti wa mtundu ni wangu! Ule wa kwenye myombo ni wangu!"

"Lakini jana ulisema u mpita njia," akasema Kongoni.

"Jana nilikuwa na homa!"

Pimbi akainamisha kichwa kwa upole. "Basi, wazee, nami sing'ang'anii. Ila ule wa korongoni niachieni."

"Wa korongoni?" Wanyama wakatazamana. Wa korongoni hawakuujua.

"Wangu!" Nyegere akanguruma. "Na ule mwingine nyuma ya kichuguu, ambao nyote hamuujui, nao wangu! Pimbi hapati hata kifuniko!"

"Umesikika," akasema Kongoni. "Twendeni tukatazame mizinga ya Nyegere."

Wakaenda. Wakafungua wa kwanza. Harufu ikawapiga, wakarudi nyuma wameziba pua. Kongoni akachukua kijiti. Chovya, zungusha, vuta. Uzi ukavutika, ukavutika, kama mlenda uliolala. Wakafungua wa pili. Chovya, zungusha, vuta. Mlenda. Wakafungua wa korongoni. Mlenda. Nyuma ya kichuguu, msiulize.

Nyegere akatazama kijiti. Akamtazama Pimbi. Akaanza kwa sauti ndogo, "Asali ni yangu, ugonjwa si..."

"Wako!" wakaitikia wanyama wote.

Basi mwenyewe akachimba, na hakuna anayechimba kama Nyegere. Jioni nyuki waliporudi ndani, mwenyewe akachoma. Moto ukalia, nyuki wakalia, kisha ukalia moto peke yake. Hata waliokuwa wakicheka waliacha. Kama angetazama mapema, ungechomwa mzinga mmoja kabla mingine haijaambukizwa. Nyegere akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja, machozi yanamtoka.

Pimbi hakungoja mwisho. Alikimbia mpaka kwenye mninga, akapanda, akaubandua ule udongo kwa meno. Kimya. Akabisha kwa kidole, ko, ko. "Jamani, nyuki wa mama yangu, mpo?"

Vuuu.

Wakatoka wachovu, wamelowa, wakajaa mlangoni wakipunga mbawa. Pimbi akachukua kijiti. Chovya, zungusha, vuta.

Kikavu.

Akakaa juu ya tawi lile akalia, na hakulia kwa furaha. Alilia kwa kuchoka, kama mtu aliyetua mzigo ndipo akaona mabega yalivyochubuka.

Mngependa niishie hapo, eh? Nami ningependa. Lakini asubuhi baraza zima lilikuja jabalini kwa ngoma na vigelegele.

"Dada Pimbi," akasema Kongoni, "tumeona kwamba sheria bila wa kuitazama ni kelele. Wewe macho unayo, na kijiti unacho. Kuanzia leo utatazama mizinga ya pori zima, kila mwezi ukiandama."

"Na wenye mizinga je? Si sheria ilisema kila mtu atazame mwenyewe?"

"Wana shughuli nyingi," akasema Kongoni. Wakapiga makofi, pa-pa-pa! Wakarudi makwao, wakalala.

Na Nyegere? Alihukumiwa akae msimu mzima bila mzinga. Hana cha kupanda, hana cha kufungua, hana cha kuulizwa. Wanyama wakamwonea huruma, maskini, mali yake yote iliungua, wakawa wanampelekea asali iliyofungwa kwa majani. Akawa anajianika juani, tumbo juu, amenenepa kuliko zamani.

Kila mwezi ukiandama, Pimbi alipita pale na bua lake la moshi na kijiti chake, anatoka mti huu anakwenda mti ule. Nyegere alifungua jicho moja.

"Pole na kazi, dada Pimbi."

"Nimeshapoa," alijibu Pimbi, na kuendelea na safari.

Basi fundisho, maana hamtaniacha nilale bila fundisho. Mzinga wa jirani ukinuka, ziba pua. Sheria ikitungwa, piga makofi uende zako. Na ukitaka kupumzika msimu mzima na kuletewa asali kitandani, tafuta kosa kubwa uhukumiwe haraka.

Mnanung'unika? Mnasema, mbona basi asali ya pori lile ipo mpaka leo? Sijui. Kamuulizeni yule kafupi mnayemwona huko mbali juu ya miti. Ila msimcheleweshe, mwezi umeandama.

Ngano imekwisha. Mwenye asali alambe.

"Mwenye nta atafune!"

Na mwenye mgongo alale.