Nani Akae Nyuma ya Ungo?

Hebu fumbeni macho kidogo, mwone baraza lililofagiliwa, mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka kuna kitambaa cheupe kilichochorwa milima kwa mkaa. Upande mmoja umesimamishwa ungo wa kupepetea mchele, juu ya kigoda. Nyuma ya ungo amekaa msichana. Huyo ndiye tunayemfuata.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kule Korogwe, msichana huyo aliitwa Sikudhani, naye alikuwa na wadogo zake watatu: Semeni, Hiza na Mhina. Sikudhani alikuwa amewabunia mchezo. Yeye alikaa nyuma ya ungo akawa msimulizi. Mito, majambazi na majoka vyote vilitoka kinywani mwake. Wale watatu walikaa mbele ya ungo, kila mmoja na shujaa wake. Shujaa wa Hiza alikuwa askari, gunzi la muhindi lenye ngao ya kizibo cha soda. Shujaa wa Mhina alikuwa mpiga zumari, kijiti kilichofungwa uzi mwekundu. Shujaa wa Semeni alikuwa mpiga ramli, komwe moja ya kijivu, mbegu ya kuchezea bao, iliyong'aa kwa kushikwashikwa. Mtu akitaka kuvuka mto au kumpiga adui, alirusha dadu. Namba kubwa, amefaulu. Namba ndogo, pole yake.

Lakini mpiga ramli alikuwa na jambo lake. Kila kulipokucha katika mchezo, aliruhusiwa kuuliza swali moja, na msimulizi alilazimika kumjibu kweli: ndiyo au hapana. Kama msimulizi mwenyewe hajui jibu, dadu ilimjibia. Na neno la ramli likishatoka, halirudi.

Basi ikawa Sikudhani amepata nafasi ya chuo cha ualimu, mbali, na kesho yake angeondoka. Akawaambia wadogo zake, "Leo mnakwenda kuitafuta ngoma ya mvua ya malkia, iliyoibwa na joka. Atakayeirudisha ndiye atakayebaki na ungo huu, na kitambaa, na dadu. Yeye ndiye atakayekuwa msimulizi nikiondoka."

Hapo wote watatu wakakaa sawasawa. Kila mmoja aliutaka ungo ule. Na Sikudhani, ingawa alicheka, moyo ulikuwa mzito, kwa kuwa alijua kwamba mchezo ukiangukia mikono isiyofaa, ile milima itabaki mkaa tu juu ya kitambaa.

Wakaanza safari. Kulipokucha, Semeni akamimina mchanga kwenye sahani, akachora vitone vyake, akauliza, "Ngoma imo katika pango la mashariki?"

"Ndiyo," akasema Sikudhani.

Hiza akaguna. "Wewe na ramli yako. Iko siku utauliza kama uji ni wa moto badala ya kuuonja."

"Na wewe unayeonja, ulimi umeungua mara ngapi?"

Wakaenda mashariki. Kulipokucha tena, Semeni akachora vitone, akauliza, "Daraja la kamba ni bovu?"

"Ndiyo."

Wakazunguka mto, wakafika salama mbele ya pango. Sikudhani akawaambia kwamba nchi nzima imebakiwa na kisima kimoja, na maji yake hayatafika kesho. Kukakucha. Semeni akachora vitone, taratibu, akauliza, "Tukiingia sote watatu, tutatoka sote watatu?"

Hilo Sikudhani hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria joka, na giza, na ngoma yenyewe, lakini kifo hakukiweka. Hakujua jibu, basi ikabidi arushe dadu. Akairusha nyuma ya ungo, akaitazama. Ilikuwa namba ndogo kabisa. Hakuna aliyeiona ila yeye, na kwa kitambo kidogo alitamani kuigeuza kwa kidole. Hakuigeuza.

"Hapana," akasema.

"Tungoje kesho," akasema Semeni. "Nitauliza ni nani."

"Kesho kisima kimekauka," akasema Hiza. "Ramli imesema tukiingia watatu. Haikusema akiingia mmoja. Naingia mwenyewe."

"Subiri kwanza tushauriane."

"Tukishauriana sitaingia," akasema Hiza, na gunzi lake likawa limeshavuka mlango wa pango.

Akarusha dadu gizani, akafaulu. Akarusha tena, akaiona ngoma. Akaibeba. Joka akafumbua jicho.

Sasa Mhina, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alikuwa na uwezo mmoja tu: zumari lake lingeweza kumlaza joka, ila mara moja, tena kwa kitambo kifupi. Akipiga mapema, joka angeamka kabla Hiza hajafika mlangoni. Akichelewa, Hiza ameliwa. Semeni akamhimiza, "Piga basi, Mhina." Mhina hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini. Halafu ghafla akasema, "Napiga sasa." Akarusha dadu, akafaulu, na ilikuwa wakati uleule joka alipokuwa anaruka. Joka akalala kama mtoto aliyeshiba.

Hiza akaivingirisha ngoma hadi nje. Ikabaki yeye kutoka. Sikudhani akamwambia arushe dadu, kwa kuwa mawe ya mlangoni yalikuwa yanatikisika. Hiza akarusha. Ikatoka namba ndogo.

Mawe yakaanguka.

Mpiga ramli na mpiga zumari wakaibeba ngoma hadi kwa malkia, ikapigwa, mvua ikanyesha katika ile nchi yote ya mkaa. Hakuna aliyeshangilia. Hiza alikuwa ameshika gunzi lake, anakibandua kile kizibo polepole kwa ukucha.

"Haya," akasema Sikudhani kwa upole, "ungo ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Hiza. "Niliingia nikijua kuna kufa. Wao walibaki nje."

"Ni wangu," akasema Semeni. "Bila ramli yangu tungekwenda pango lingine, tungekatikiwa na daraja, na sasa hivi tungekuwa mifupa sote watatu. Mimi ndiye macho ya safari."

"Macho gani? Wewe ndiye uliyeniua." Hiza akamgeukia dada yake. "Dada, sema kweli. Kabla hajauliza, kifo kilikuwamo pangoni?"

Sikudhani akatamani asiulizwe. "Hakikuwamo," akasema.

"Umeona?"

"Lakini ramli ilisema watatu," akasema Semeni. "Wewe umeingia peke yako. Ungenisubiri tungepata njia. Kifo hicho umekifuata kwa miguu yako. Dada, alipoingia peke yake, ilikuwa lazima afe?"

"Haikuwa lazima. Ila neno la ramli lilikuwa limeshanikaa moyoni. Ndiyo maana nikayatikisa mawe."

Ndipo Mhina akakohoa.

"Na mimi je? Bila zumari langu, ngoma ingekuwa tumboni mwa joka."

"Ulibahatisha," akasema Semeni.

"Sikubahatisha. Dada akitaka kuleta balaa, hukunja vidole vya miguu. Ungo unamficha uso na mikono, miguu haumfichi."

Sikudhani akaitazama miguu yake, akaivuta chini ya khanga. Hata Hiza akacheka.

"Huo ni wizi," akasema Semeni.

"Wizi wa nini? Wewe umeuliza mdomo wake, mimi nimeuliza miguu yake. Mimi naijua kwa kuwa namtazama. Nyie mnatazama dadu tu."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Semeni, ambaye maswali yake yaliwaokoa, na moja likaleta kifo ambacho hakikuwako. Hiza, ambaye alimtoa mhanga shujaa aliyempenda, na hakumsubiri mtu. Mhina, ambaye aliuona moyo wa msimulizi, ila aliuona kwa kuchungulia. Akauweka mkono wake juu ya ungo, na hakujua amsogezee nani.

Haya, nanyi mmesikia kila mmoja alivyosema. Je, nani alistahili kukaa nyuma ya ungo?

Msinijibu upesi. Bishaneni kwanza, na mkichoka kubishana mbishane tena. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja: yeyote mtakayempa ungo, kesho atawahitaji wale wawili waje wakae mbele yake.