Tangi la Vioo na Shikamoo ya Kwanza

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, paliishi Muheza mama mmoja aitwaye Bi Mwantumu, aliyeibiwa masikio na homa. Miaka tisa hakusikia hata jogoo. Watu wakimwamkia shikamoo, yeye hutazama midomo tu, akaitikia marahaba. Midomo alijua kuisoma, lakini sauti, jamani, sauti aliililia.

Mwanawe Hizza, fundi redio, akaapa kumtengenezea kikuza sauti cha kuvaa kifuani, chenye waya wa sikioni. Akachora njia za umeme kwa makapeni, kalamu ya wino usiofutika, juu ya kibao kilichofunikwa shaba. Ikabaki kutia tindikali ili shaba isiyo na wino iliwe, zibaki njia za umeme tu. Basi fundi wetu na akili zake zote akaimimina kwenye sufuria ya alumini ya mkewe! Ikafoka, ikachemka, ikatoboa sufuria, ikamwagika sakafuni, na kibao kikaharibika. Akajaribu kibao kingine kwenye beseni la plastiki. Shaba ikaliwa upande mmoja, wa pili ukagoma. Kikabaki kibao kimoja tu, na madukani havikuwepo vingine.

Hizza akaokota vioo vya dirisha la luva, akavikata, akavigandisha kwa gundi ya silikoni, likawa tangi jembamba la kusimamisha kibao wima. Vidole vilichanika, hakujali. Lakini tindikali iliyotulia hula vibaya. Ilitaka mapovu ya kuitikisa.

Dada yake Tunu, kitindamimba, alifuga samaki wekundu sita kwenye chupa kubwa, aliwapenda kama nini! Akang'oa pampu yao ya hewa.

"Chukua, kaka."

Siku mbili Hizza alilijaribu tangi kwa maji, akiziba linapovuja. Siku ya pili samaki wote sita wakaelea, wamekufa kwa kukosa hewa. Tunu akawazika nyuma ya nyumba, akalia peke yake.

Siku ya kazi ikafika. Tindikali ikatiwa, mapovu yakapanda, shaba ikaanza kuliwa vizuri. Mara umeme ukakatika, na mapovu yakakoma. Hizza akashika kichwa. Mkewe, Mwajabu, hakushika kichwa. Alichomoa mpira kwenye pampu ya umeme, akauchomeka kwenye pampu ya baiskeli, akapiga. Akapiga, akapiga, nusu saa nzima akapiga, viganja vikatoka malengelenge naye hakuachia. Kibao kikatoka safi.

Chombo kilipokamilika, wakamvisha Bi Mwantumu, wakamshikisha swichi. Kisha wote watatu wakapiga magoti mbele ya mkeka wake, kila mmoja akitaka shikamoo yake isikike kwanza. Mama akawatazama midomo.

"Nianze mimi," akasema Hizza. "Tangi nimejenga mimi. Tena neno la mwisho mama kulisikia kwangu lilikuwa la hasira. Nilimjibu vibaya, na wiki ile ile homa ikamshika. Sitaki libaki hilo masikioni mwake."

"Nianze mimi, kaka," akasema Tunu. "Samaki wangu wamekufa kwa ajili ya tangi hilo. Tena sauti anayoikumbuka mama ni ya mtoto wa miaka saba. Hii ya sasa haijui."

Mwajabu akasema wa mwisho, macho chini. "Bila mikono hii kibao kingeharibika, wifi. Nanyi aliwahi kuwasikia. Mimi nimeolewa humu nikamkuta hivi. Miaka minne namwamkia kila asubuhi, ananiitikia, na sauti yangu hajapata kuisikia hata siku moja."

Bi Mwantumu machozi yakamtiririka. Aliwapenda wote, na hilo ndilo lililomwumiza. Watoto wakamwachia aamue mwenyewe. Akabonyeza swichi. Akasikia kuku uani, akasikia pumzi zake mwenyewe zikitetemeka. Akanyoosha mkono, amguse mmoja aanze.

Haya, nyinyi wenye masikio mazima, msinikodolee macho, nijibuni: mkono ule umwendee nani? Je, ni nani aliyestahili marahaba ya kwanza?