Mbiu ya Jina Lililokatazwa

Hapo zamani, katika mji wa pwani uitwao Ukunguni (wala si Kunguni, kama waandikavyo wageni), alitawala Sultani Badi bin Fumo. Alipokwisha kujenga jumba lake jipya, akaona mji nao haufai kubaki na jina kuukuu. Basi akaamuru uitwe Badia, na kila atakayelitaja jina la kale afukuzwe mjini. Ikawa wa kwanza kunaswa ni Mwana Zuma, ajuza msuka mikeka, aliyemwambia mgeni, "Karibu Ukunguni."

Mwanawe wa pekee, Mbwarahaji, fukara asiye na kanzu ya pili, akaenda barazani kumwombea.

"Maulana, mama yangu hakuielewa mbiu. Mpiga mbiu alisema 'jina la kale' tu, na mji huu majina ya kale unayo mengi."

"Basi kaipige wewe," akasema Sultani. "Uwaeleweshe watu wote ni jina lipi, ila lenyewe lisitoke kinywani mwako. Ukiweza, mama yako yu huru. Ukilitaja, mtatoka pamoja kwa lango moja."

"Na wakiniuliza, Maulana?"

Sultani akacheka. "Waambie wamuulize aliyelikataza!"

Mbwarahaji akainama, akatwaa pembe, akazunguka mitaa yote akilia, "Enyi watu, kuna jina limekatazwa! Asiyelijua akamuulize aliyelikataza!"

Jua halijawa kali, baraza lilikuwa limefurika.

"Maulana," akasema bibi mmoja, "ni Mji wa Mwana? Nyanya zetu ndivyo walivyouita."

"Sivyo."

"Basi ni Bandari Kuu," akasema muuza kamba, "la wale wa majahazi ya Shirazi."

"Sivyo!"

"Ni lile la Wareno, Santa Barbora," akasema mwashi. "Kama ndilo, Maulana, mimi sijapata kuliweza."

"Nimesema silo!"

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Bwana wetu, isije ikawa ni Badia? Maana hilo ndilo tusilolizoea."

Hapo Sultani akasimama, kilemba kikamwendea upande. "Ukunguni! Nililolikataza ni Ukunguni! Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Maulana!" wakaitikia wote.

Mbwarahaji akapiga magoti. "Basi kazi imekwisha. Watu wameelewa, na jina halikutoka kinywani mwangu. Limetoka wapi, si adabu yangu kusema."

Kadhi, aliyeketi kando ya Sultani, akainamia tasbihi yake. Sultani akatazama watu, akatazama lango, kisha akaangua kicheko hata machozi yakamtoka. Akaagiza Mbwarahaji avikwe kanzu mpya, na ajuza afunguliwe.

Mwana Zuma akaletwa, akakung'uta buibui lake, akageuka aende zake.

"Waenda wapi, mama?" akauliza Sultani.

"Naenda nyumbani kwangu, Ukunguni."

Macho yote yakamgeukia Sultani. Naye akakiweka sawa kilemba chake, akasema, "Ukifika, nisalimie watu wa huko."